Maji ya Kiunoni

Mama yake Fundi alikuwa keshakaa kwenye benchi la kituo kabla mfagizi hajamaliza varanda. Ilikuwa asubuhi ya tatu tangu mwanawe akamatwe. Alikuwa na chupa ya chai, fulana safi iliyokunjwa vizuri, na swali moja alilomuuliza kila aliyepita amevaa kofia ya polisi.

"Ni kweli mwanangu anapelekwa mahakamani kesho?"

Wengine walimjibu hawajui. Wengine walijitia hawakusikia. Aliyesimama ni Sajini wa upelelezi, mwanamke mfupi wa makamo mwenye kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuazima watu.

"Kesho saa tatu, mama. Uzembe uliosababisha kifo."

"Uzembe sikatai," alisema yule mama. "Nimemzaa mimi, namjua. Chumbani kwake usipoangalia chini unakanyaga spana. Lakini akishika mashine haiachi mpaka iwake. Boti ya Nesi iliwaka! Alirudi Ijumaa ananuka petroli kama pampu, akaniambia, mama, leo nimeifufua ile maiti."

"Umekunywa chai wewe?"

"Ya nini? Hii ni yake."

Ndani, Mkuu wa kituo alikuwa na haraka zake. "Sajini, hilo jalada linasubiri nini? Fundi katengeneza mashine ovyo, mashine imezima majini, bibi wa watu amekufa. Shahidi tunaye, tena mtu mzima na heshima zake. Saa kumi na moja jioni nalitaka limefungwa."

"Basi nipe mpaka saa kumi na moja."

"Si ndiyo hiyo niliyokupa?"

Sajini alilifungua jalada mezani kwake, akalisoma upya kana kwamba ni la mtu mwingine. Yaliyokuwemo yalikuwa machache na yalionekana yamekaa sawa. Nesi alikuwa muuguzi mstaafu, mjane wa miaka sitini na moja, mwenye kiwanja namba saba upande wa juu wa ziwa. Ziwa lenyewe lilitengenezwa na watu: bonde lilizibwa kwa ukuta, maji yakajaa juu ya visiki ambavyo hakuna aliyejisumbua kuving'oa, kisha viwanja vikakatwa kuzunguka kingo na kuuzwa kwa watu waliotaka kuzeekea penye upepo. Upande wa ukuta maji yanampita mtu mzima kichwa. Upande wa juu, kwa kina Nesi, ni ya kiunoni tu. Ndiyo maana wenye viwanja walilitania kuwa ni beseni. Na kwenye beseni nani atahangaika kuvaa jaketi la kuelea? Watoto walijirusha humo na chupi zao, mama zao wakiwa kibarazani wanacheka.

Mara ya mwisho Nesi kuonekana ilikuwa Jumamosi. Jioni yake ilinyesha mvua kubwa. Jumapili asubuhi wavuvi wa nyavu waliikuta boti yake ikielea bila mtu, mashine haiwaki. Hatua hamsini mbele, penye visiki, wakamkuta mwenyewe. Alikuwa amesimama. Tope lilikuwa limemshika mpaka mapajani, na maji yamempita utosi kwa upana wa kiganja. Hakuwa na jeraha. Hakuwa na viatu.

Shahidi alikuwa Mwenyekiti wa wenye viwanja. Aliandikisha kuwa Jumamosi saa nne asubuhi, akiwa kwenye gati lake ng'ambo ya pili, alimwona Nesi akitoka na boti yake peke yake, mashine ikikohoa. Daktari naye aliandika kuwa Nesi alikufa kwa kunywa maji, Jumamosi, si mapema kuliko saa moja jioni.

Sajini alizungushia duara saa nne. Akazungushia duara saa moja. Kisha akatoka nje na kuagiza Fundi aletwe uani.

Boti ya Nesi ilikuwa juu ya magogo mawili nyuma ya kituo, chini ya turubai. Fundi alikuja na pingu mkononi, kijana mrefu mwenye kucha nyeusi za grisi. Konstebo wa zamu alimshika kiwiko.

"Nionyeshe ulichotengeneza," alisema Sajini.

"Kabureta, Afande. Nikabadilisha na plagi. Ijumaa saa tisa niliifunga gatini kwa Nesi, mbele kamba na nyuma kamba, inaelea vizuri. Mwenyewe aliiwasha mbele yangu. Hapo..." Aliinama, akaisogelea mashine kwa kidevu maana mikono haikuweza. "Nani kaikalisha boti hii kwenye tope?"

"Hakuna. Imetolewa majini, ikapandishwa kwenye trela, ikaletwa hapa."

"Ona hapa, Afande. Tundu la kunyonya maji limejaa tope mpaka ndani. Tundu la moshi pia. Hata propela haizunguki."

"Boti imepita penye tope. Kuna ajabu gani?" alisema Konstebo.

"Kaka, boti ikitembea maji yanaiosha. Hili limeshindiliwa. Hii boti ilikalia mkia wake, tena kwa muda mrefu. Ndiyo maana haiwaki!"

Sajini alichukua njiti, akachokoa. Tope lilitoka vipande vipande, gumu kama keki iliyoungua. Ndani yake alikuta konokono wadogo wanne. Aliwatia kwenye bahasha, akaandika tarehe.

"Gati la Nesi lina maji kiasi gani?"

"Ijumaa? Yalinifika hapa," Fundi akaonyesha katikati ya paja. "Boti haiwezi kugusa chini pale, labda maji yaondoke."

"Maji yaende wapi sasa?" Konstebo alicheka. "Kutembea?"

"Ndiyo tunakwenda kuyauliza," alisema Sajini. "Jambo moja, Fundi. Nesi alikuwa na tabia ya kupanda boti bila viatu?"

Fundi alimtazama kana kwamba amemtukania mtu. "Nesi? Peku? Ana sukari yule. Anaogopa kidonda kuliko mauti. Alikuwa na viatu vyake vyeupe vya kazini, vya kamba, anafunga fundo mbili. Kimoja amekitoboa pembeni kwa mkasi kwa ajili ya kidole. Nadhani hata kulala alilala navyo."

Viatu hivyo havikuwa kwenye boti. Nyumbani kwake, Sajini alikumbuka, havikuwepo. Walidhani tope limevimeza. Lakini tope linavua kandambili. Kiatu cha kamba chenye fundo mbili halikifungui.

Fundi alipokuwa anarudishwa mahabusu alipita mbele ya benchi. Mama yake alimpa fulana, akamkagua shingo, masikio, na mikono yenye pingu, halafu akamuuliza kama amepiga mswaki.

Saa tano Sajini na Konstebo walikuwa ziwani. Waliazima mtumbwi wa wavuvi na mwanzi mrefu ambao Sajini alikuwa ameufunga utepe mwekundu kila baada ya shubiri. Majaketi mawili ya kuelea aliyatoa kituoni yeye mwenyewe.

"Afande, kwenye beseni hili?" alinung'unika Konstebo.

"Vaa."

Walianzia kiwanja namba saba. Nyumba ilikuwa ndogo, yenye kibaraza kinachotazama maji, na gati la mbao lililosimama juu ya nguzo. Kuanzia ukingo wa nyasi mpaka gatini hapakuwa na mteremko wa maana. Maji yangepanda shubiri mbili tu, yangeingia jikoni. Ukutani mwa kibaraza kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa misumari: tangazo la mkutano wa wenye viwanja, ajenda ya kwanza kuongeza mbao za lango la maji kwenye ukuta ili kina cha ziwa kizidi. Chini yake Nesi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wa kwenye kadi za wagonjwa: *Sitii sahihi. Nyumba yangu si samaki.*

Konstebo alicheka. Sajini aliinakili.

Penye visiki alichomeka mwanzi. Maji yaliishia utepe wa nne, kiunoni kwa mtu wa kawaida. Aliusukuma. Mwanzi ukaendelea kushuka bila ubishi, utepe mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka akakutana na udongo mgumu.

"Labda ni hapo tu palipo na shimo," alisema Konstebo. "Ngoja niingie mwenyewe, Afande. Maji ya kiunoni haya."

"Jifunge kamba kwanza."

Aliingia akiwa anacheka. Hatua ya kwanza ilikubali. Ya pili ilimchukua mpaka juu ya goti. Akavuta mguu wa kulia, wa kushoto ukazama zaidi. Akavuta wa kushoto, wa kulia ukamezwa. Kicheko kilikauka. Alipojaribu kuegemea mbele ashike kisiki, maji yakamfika kidevuni.

"Usipige mateke," alisema Sajini. "Lala chali. Acha jaketi likubebe. Lala!"

Ilichukua dakika kumi na moja kwa saa yake, pamoja na nguvu za wavuvi wawili, kumrudisha mtumbwini. Buti moja la mpira lilibaki huko chini. Konstebo alijikwangua tope mapajani mpaka walipofika upande wa ukuta. Wewe mwenye mtoto anayeogelea kwenye maji ya namna hii, elewa kwamba kijana huyo alikuwa na miaka ishirini na sita na kifua cha mcheza mpira.

Mlinzi wa lango, mnene wa tumbo na mwepesi wa kununa, aliishi kwenye kibanda cha matofali juu ya ukuta. Mlangoni palikuwa na ubao alioandika kwa chaki kipimo cha maji kila asubuhi, kwa sentimita, ili wenye viwanja wasome wakipita na boti zao. Ijumaa: mia mbili arobaini. Jumamosi: mia mbili arobaini. Jumapili: mia mbili arobaini.

"Maji yametulia kwelikweli," alisema Sajini.

"Ziwa langu ni la nidhamu, Afande."

"Mvua ya Jumamosi ilianza saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni. Mpaka saa mbili inamwagika tu, kama mtu kapindua pipa."

"Na Jumapili maji ni yaleyale. Mvua ya masaa matatu ilikwenda wapi?"

Mlinzi alijikuna shingo. "Ikizidi inamwagikia kule." Akaonyesha upenyo uliokatwa juu ya ukuta, penye njia ya saruji ya kupitishia maji yaliyozidi.

Sajini alitembea mpaka pale. Akachuchumaa. Kwenye upenyo, kutoka upande huu mpaka ule, buibui alikuwa ametandaza utando wake wote, mkavu, wenye vumbi na mabawa ya wadudu wa siku nyingi.

"Njoo umwone mwenye nyumba," aliita. "Muulize kama Jumamosi maji yalipita sebuleni kwake."

Mlinzi hakwenda. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ulifungua lango," alisema Sajini. "Lini?"

"Afande, mimi nina familia."

"Na mimi nina kijana mahabusu mwenye mama yake. Lini?"

"Ijumaa saa moja jioni." Ilimtoka kama jino. "Shemeji yangu ana kabichi huko chini. Eka nzima, zinakauka anaziangalia. Kila siku, shemeji, nifungulie kidogo; shemeji, dada yako atakula nini. Na Mwenyekiti amekataza, tone lisitoke bila ruhusa yake. Nikasema nifungue usiku, nifunge alfajiri. Nikapitiwa na usingizi; nilipoamka, shemeji akasihi eka haijaisha kulowa. Nimefunga Jumamosi saa kumi jioni."

"Yalishuka kiasi gani?"

Mlinzi alinyoosha mkono, akashika kiwiko, kisha ncha za vidole. "Hivi."

"Na ubaoni ukaandika kilekile cha Ijumaa."

"Ili Mwenyekiti asinitafune! Halafu Mungu akaleta mvua, ikarudisha yote mahali pake. Nikasema, ahsante, hakuna aliyejua."

"Upande wa juu Jumamosi asubuhi kulikuwaje?"

"Wenye magati ya nguzo hawakuwepo siku hiyo, Afande, lakini boti zao zote zilikaa kwenye tope. Huko kwa Nesi ungeweza kukuna nazi juu ya boti, isitikisike."

Sajini aliandika yote, akamsomea, akamwazima kalamu ya pili aweke sahihi.

"Kumbe Nesi hakutoka na boti yake," alisema Konstebo walipokuwa njiani, na mguu wake mmoja wa soksi. "Isingeweza kutoka."

"Ndiyo."

"Sasa Mwenyekiti aliona nini?"

"Tutamwomba atukumbushe."

Nyumba ya Mwenyekiti ilikuwa ya ghorofa, upande wenye kina. Boti yake ilikuwa kubwa kuliko vyumba vya watu wengi: paa la kitambaa, viti vya ngozi, na zulia jeupe kutoka mbele mpaka nyuma. Mkewe aliwapokea gatini.

"Karibuni, karibuni. Mdogo wangu, niwie radhi, viatu hapo. Zulia hili bwana analipenda kuliko mimi." Alicheka, kisha akautazama mguu wa Konstebo. "Na wewe mwanangu, buti lingine umelipeleka wapi?"

"Limebaki kazini, mama."

Pembeni palikuwa na kreti ya soda iliyojaa viatu vya wageni waliovisahau: kandambili, sendozi, raba za watoto. Sajini aliinama kuweka vya kwake. Chini ya raba ya kijani palikuwa na jozi nyeupe ya kamba. Cha kushoto kilikuwa kimetobolewa pembeni, kwa mkasi. Alitia kidole ndani. Palikuwa bado na unyevu.

"Dada, hivi ni vya nani?"

"Nani ajuaye? Mimi Jumamosi nilikuwa kwa mdogo wangu, nikarudi Jumapili asubuhi, nikavikuta hapa mbaoni vimelowa chepechepe na ile mvua. Nikavitupia humo. Bwana huyu hata viatu vyake haokoti, sembuse vya mgeni."

"Ahsante," alisema Sajini. Akaweka vyake juu ya hivyo vyeupe.

Mwenyekiti alikuwa ameketi kwenye boti, gazeti mapajani. Nyuma ya kiti chake, kwenye rafu, majaketi manane ya kuelea yalikuwa yamepangwa, bado yako kwenye nailoni za dukani.

"Dada'ngu, bado tu mnahangaika? Nilidhani kijana kesho anapelekwa."

"Ni kukamilisha karatasi, mzee. Naomba urudie kidogo ulichokiona Jumamosi."

Alirudia kwa raha, kama mtu anayesimulia mechi ambayo timu yake ilishinda. Saa nne. Kahawa mkononi. Nesi akaja gatini kwake, akafungua kamba, akapanda, mashine ikakohoa, akaelekea penye visiki.

"Boti ilikuwa inaelea?"

"Boti hufanya nini kingine?"

"Na maji yalikuwa kiasi gani siku hiyo?"

"Kama leo. Kama jana. Uliza ubao wa Mlinzi, mia mbili arobaini. Mimi nasoma kila nikipita."

Sajini alitazama chini, kwenye nafasi kati ya boti na gati. Hatua moja ndogo, sawa kwa sawa. Chini ya mbao yalionekana mapipa ya plastiki ya bluu.

"Gati lako linaelea, mzee."

"Mapipa kumi na mawili! Hiyo ndiyo kazi ya maana. Maji yapande, yashuke, hatua yangu ni ileile. Hao wenzangu wa nguzo kila siku wanalia."

"Jumamosi wangelia kweli. Maji yalishuka toka kiwiko mpaka vidoleni. Ubao ulidanganya na gati lako halikukwambia. Boti ya Nesi ilikaa kwenye tope kutwa, mzee. Hata wanaume wanne wasingeitoa."

Mwenyekiti alikunja gazeti mara mbili. Halafu mara ya tatu.

"Labda siku nimechanganya."

"Labda." Sajini alinyanyuka, akaenda kwenye kreti, akarudi na jozi nyeupe, akaiweka juu ya zulia. "Na hivi? Alivivua hapa. Jumapili alikutwa peku."

Mke wa Mwenyekiti aliviangalia viatu, akamwangalia mumewe. "Vya Nesi hivyo?"

Sajini alimwambia Mwenyekiti kwamba halazimiki kusema neno, na kwamba atakalosema litaandikwa. Kisha akachomoa kalamu na kungoja. Maji yaligonga mapipa.

"Nilimwita tuongee, saa nne ileile," alisema Mwenyekiti. "Alikuja kwa miguu, kwa njia ya ukingoni. Nikampandisha botini nimwonyeshe pale maji yatakapofika tukiongeza mbao za lango. Sahihi yake tu ndiyo iliyokuwa imebaki. Tulipofika penye visiki boti ikaanza kukwaruza chini, nikazima. Nikamwambia, mama, hata wewe unaona, haya si maji, hii ni supu. Akasema nyumba yake haizami kwa ajili ya zulia langu. Tukapandishiana sauti. Akasema afadhali atembee kuliko kukaa na mimi. Nikamwambia tembea basi. Nikamshushia ngazi."

"Akashuka mwenyewe?"

"Mwenyewe! Maji hayakumfika hata kiunoni. Alikuwa amesimama, dada'ngu. Nilipomwacha alikuwa amesimama wima kabisa, nyumba yake anaiona."

"Alikuwa amesimama kwa sababu alikuwa amekwama."

Mwenyekiti alisogeza mguu wake mbali na vile viatu.

"Hukusikia akiita?"

"Nilisikia kelele." Aliyatazama mapipa ya gati lake. "Nilidhani ananitukana."

Kalamu ya Sajini ilifika mwisho wa mstari, ikaanza mwingine. "Na boti yake?"

"Jumapili alfajiri nilikwenda kwake kumwomba radhi. Naapa. Nikakuta mlango umefungwa, boti inaelea, yeye hayupo. Nikaogopa. Nikafungua kamba, nikaisukuma, ionekane alitoka nayo."

"Hukwenda kumtazama penye visiki."

"Kulikuwa bado giza." Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuambiwa jambo jema, "Lakini alikufa palepale, siyo? Alizama palepale?"

"Hapana. Tope lilimshika, maji yakamwishia mbavuni. Alikaa hivyo. Lango lilifungwa saa kumi, mvua ikaanza saa kumi na moja, maji yakapanda taratibu. Daktari anasema saa moja jioni, au baada ya hapo. Kutoka saa nne asubuhi ulikuwa na masaa tisa ya kugeuza boti."

Kwenye gati, mkewe alikuwa amekaa chini juu ya mbao, magoti pamoja.

"Saa nane ulinipigia simu," alisema. "Nilikuuliza unafanya nini. Ukaniambia umeshiba, unajilaza kidogo."

Saa kumi na moja kasoro dakika nane Sajini aliliweka jalada mezani kwa Mkuu wa kituo. Lilikuwa nene kuliko asubuhi. Mkuu alilisoma lote, midomo ikitembea. Alipofika kwenye jina la mtuhumiwa alivua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Mwenyekiti yuko wapi?"

"Chumba cha maelezo. Ameomba wakili."

"Viatu?"

"Kielelezo namba tatu. Maelezo ya mkewe ni ukurasa wa tisa. Ametia sahihi bila kuombwa mara mbili."

Mkuu alisukuma kiti nyuma. "Mtoe yule kijana," alisema.

Fundi alitokea varandani akiwa na fulana safi na mkanda mkononi. Mama yake hakumkumbatia. Alimgeuza upande huu na ule, akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akasimama juu yake mpaka aimalize.

"Kuanzia kesho hiyo kazi ya ziwani basi," alisema. "Nitakutafutia gereji ya magari, penye udongo."

"Mama, umeanza. Nimetoka salama, shida nini?"

"Huko utakufa!"

"Nife vipi, mama?" Alicheka, kicheko cha mtu aliyetoka mahabusu, akamkonyeza Konstebo. "Maji yenyewe ya kiunoni."

Konstebo hakucheka. Aliangalia mguu wake wenye soksi.

Sajini alikuwa kaunta, anaandika lebo za vielelezo. Aliacha kalamu. Alichukua ule mwanzi uliokuwa umeegemezwa ukutani, akatoka nao varandani, akausimamisha mbele ya kijana. Tope lilikuwa limekaukia kuanzia chini mpaka utepe wa tatu. Juu yake, tepe nyingine nne, mwanzi ulikuwa safi.

"Simama wima," alimwambia. "Hapa chini ndipo penye udongo mgumu, ndipo mguu wako utakapofika. Tope linaishia hapa; maji ya kiunoni ni tepe nne juu yake. Sasa weka kidole pale maji yanapoishia."

Fundi alinyanyua mkono. Aliupandisha, tabasamu bado liko mdomoni, akapita mapaja, akapita kiuno, akapita kifua. Kidole kilipogusa utepe wa juu kabisa kilikuwa sawasawa na mdomo wake. Na yeye alikuwa mrefu kuliko Nesi kwa kichwa kizima.

Hakukishusha. Alibaki hivyo, na mama yake akaja taratibu, akakiangalia kidole kilipo, kisha akamshika mwanawe mkono kama anavyoshikwa mtoto wa kuvushwa barabara, na hakuuachia mpaka walipotoka getini.